Waliniita, Nikaitika

Papa,

Wamenitoa nje. Mlango umefungwa, na nyuma yake watu watatu wanajadiliana kama mimi nafaa kuitwa mwanasheria au sifai. Nimekaa kwenye benchi la korido, naandika mgongoni mwa karatasi za hotuba yangu, maana nikikaa bure nitasogea kusikiliza mlangoni. Mama yuko benchi la pili, ng'ambo ya korido. Amekumbatia mkoba wake na hataki kuniangalia.

Najua ungeanza kwa kuniuliza nimekula nini. Sijala. Asubuhi Mama alimimina chai, ikapoa mezani, tukaondoka nyumbani Kinama bila kuigusa.

Nianzie mwanzo, kwa sababu ulichukia habari inayoanzia katikati.

Tangu ututoke mvua kubwa zimepita mara mbili. Kiti chako cha plastiki, kile cha bluu, bado kiko chini ya dirisha, na wageni wanakikwepa bila kuambiwa. Watu bado wanabisha hodi na barua zao za Kifaransa wasomewe. Zamani waliita, "Mukalimani yuko?" Sasa wananiita mimi Metre, lile jina ulilonipa nikiwa darasa la tatu, kwa sababu ndivyo mawakili wanavyoitwa mahakamani. Unakumbuka yule jirani aliyeniletea kitambaa nimpime kiuno? Alifikiri Metre ni ile kamba ya mshonaji. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, ukamwambia, "Ngoja kidogo, huyu atapima majaji." Nilikuwa na miaka minane. Nilikuamini.

Ulipofariki nilitaka kuacha masomo. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa masta na nilikaa wiki nzima nimegeukia ukuta. Profesa wangu alinitumia ujumbe mmoja tu, kwamba nichague mada ninayoweza kuililia. Nikakuchagua wewe. Kwenye jalada la tasnifu imeandikwa kwa maneno marefu, haki ya mshtakiwa kuelewa na kueleweka mahakamani, lakini maana yake ni wewe, umesimama katikati ya hakimu na mtu mwenye hofu, unabeba maneno ya huyu kumpelekea yule.

Nikaanza kwenda masjala ya mahakama kusoma kesi za zamani. Kila nilipokuta saini yako, ile yenye mkia mrefu unaopita hadi ukingoni, nilicheka peke yangu. Karani akaniuliza kama majalada yana vichekesho. Nikamwambia yana baba yangu.

Ndipo nikafika kwenye jalada la Athumani.

Unalijua, Papa. Sasa najua kwamba unalijua. Mchukuzi wa mizigo, kijana wa Kigoma, alikuja bandarini na boti ya saruji. Marobota ya vitenge yalipotea ghalani, naye alionekana karibu na mlango. Ushahidi mwingine haukuwepo. Hakimu alimuuliza, askari walipokuja ghalani ulifanya nini. Jibu limeandikwa kwa Kifaransa, mstari mmoja, kwamba alipohojiwa na askari alikiri. Chini yake kuna ule mkia wako mrefu. Akapata miaka minne.

Nilitaka tu kuona ulivyofanya kazi siku hiyo, basi. Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku la bati, nikatoa madaftari yako. Nani mwingine aliandika kila jibu vile vile lilivyotoka mdomoni mwa mtu, kwa lugha yake, kabla ya kulitafsiri? Nilijivunia sana tabia hiyo. Niliiandikia kurasa tatu za sifa. Nikatafuta tarehe, nikaikuta. Kwa mkono wako, wino wa bluu:

"Waliniita, nikaitika."

Nilisoma mara nne. Halafu nikakaa sakafuni.

Sisi wenye asili ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, mtu akisema ameitika, amekubali. Ndivyo tulivyokua. Msichana akiitika, posa imepokelewa. Mtoto akiitika kosa, anachapwa. Lakini mtu wa Kigoma akiitwa jina lake akasema naam, hapo ndipo ameitika. Hajakubali kitu. Amejibu tu kwamba yupo. Neno likatoka kinywani mwa kijana yule likiwa salamu, likapita kwako likawa kukubali, karani akaliandika kukiri. Watu watatu mlilishika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

Hilo ningelisamehe siku ile ile, Papa. Kosa ni kosa. Kilichonivunja kiko chini ya mstari, kwa wino mwekundu, mwandiko wako wa miaka ya baadaye, ule ulioanza kulegea:

"Itika: kuitika jina? Au kukubali? ULIZA."

Uliza. Neno lako mwenyewe! Umesahau ule mchezo wetu? Ulikuwa unanipa sentensi ya Kirundi, naipeleka Kiswahili, kisha Kifaransa, halafu naileta nyumbani tena kwa Kirundi. Ikirudi imebadilika, naosha vyombo. Siku moja ulinipa hii: mbuzi wa jirani alikula sabuni. Sentensi ikarudi kwamba jirani alikula mbuzi, nikaosha sufuria zote na za jirani pia. Kila nilipokwama ulinigonga goti. "Kuuliza si ujinga, Metre. Kama haujue neno, uliza." Basi wewe hukuuliza kwa nini? Nina hasira na wewe. Naandika hivi na Mama yuko hatua nne kutoka hapa, na nina hasira na wewe.

Nilimwonyesha Mama lile daftari. Alivaa miwani yako, akasoma, akalifunga. Akaniambia, "Mutoto wangu, mufu hana avoka, hana wakili wa kumusemea. Usimupelekee kesi." Nikamwambia mtu yule huenda yuko hai. Akasema, "Na mi je? Mi siko hai?" Anaogopa, Papa. Anaogopa Jumapili kanisani, anaogopa kisimani, anaogopa watu waliokula msiba wetu waseme kwamba mukalimani alimuuza mtoto wa watu. Jina lako ndilo nyumba anayoishi.

Nilimtafuta Athumani wiki tatu. Nilimkuta mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya jumla, anashona magunia kwa sindano ndefu kuliko kidole. Sasa ni mzee, mgongo umepinda. Nilijitambulisha kama mwanafunzi tu. Sikusema mimi ni mtoto wa nani. Nilimsomea ule mstari wa jalada kwa Kiswahili, neno kukiri, naye akaacha kushona. "Kukiri? Mwanangu, mimi niliitwa, nikaitika. Mtu akiitwa si anaitika? Mama yangu alinifunza hivyo." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Kumbe nilifungwa kwa adabu yangu."

Hakuwa amejua. Miaka yote hiyo alidhani askari walidanganya.

Nikamuuliza anataka nini. Nilidhani atasema kazi, maana bandarini hawamchukui mtu bila kazie, ile karatasi ya mahakama inayoonyesha kama umewahi kuhukumiwa. Akasema kazi ya nini tena na mgongo huu. Anataka karatasi safi aende nayo Kigoma. Mabaharia walifika huko kabla yake, wakasema Athumani ni mwizi, naye hakurudi hata mama yake alipofariki. Amebakiwa na dada mmoja. "Nimwekee mkononi asome, basi. Nikimaliza hapo hata nikifa si neno."

Kuna wakili mjini aliyekubali kunipokea kwa mafunzo nikifaulu leo. Nilimuuliza, kama swali la darasani tu, hukumu kama hiyo inaweza kupitiwa upya? Akasema labda, kukiwa na ushahidi mpya ulioandikwa na mtu aliyekuwepo. Daftari lako, Papa. Hakuna kingine duniani.

Sasa nikwambie nililofanya. Usinigonge goti.

Niliweka kesi ya Athumani kwenye tasnifu, lakini wewe nikakuita "mkalimani mmoja". Nilipokwenda kutoa fotokopi ya ukurasa, niliukunja chini. Wino wa bluu ukatoka, wino mwekundu ukabaki nyuma ya mkunjo. Nikajiambia kosa la tafsiri linatosha kumsaidia mzee, hakuna haja watu wajue kwamba baba yangu alishuku na akanyamaza. Nikaweka saini kwamba vielelezo vyote ni kamili. Mimi, Metre, nilificha ushahidi kabla sijaapa hata kiapo kimoja.

Leo ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele na kitenge chake cha harusi. Mzee Athumani nilimwalika kwa sababu ni kesi yake. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Nilisoma hotuba yangu vizuri. Profesa aliafiki kwa kichwa mahali pote pazuri. Kisha ikafika zamu ya mmoja wa wale watatu wa jopo, jaji mstaafu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze. Alikuwa ameinua fotokopi yangu kuelekea kwenye taa.

Akauliza kwa nini ukurasa huu ni mfupi kuliko ule wa kielelezo kinachofuata, na daftari ni moja.

Nikasema mashine ilikata.

Ndiyo, Papa. Nilisema mashine ilikata. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo kwa Kifaransa safi ulichonifundisha wewe. Jaji akaandika kitu. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka barabara: huyu mkalimani, ulimtafuta? Ulimuuliza?

Ulimuuliza. Alisema neno lile lile.

Nikasema amefariki. Akasema, unajuaje, mbona humtaji jina? Daftari lilikuwa ndani ya begi langu, miguuni. Nilikuwa nimelibeba bila kujua kwa nini. Labda ili lisibaki nyumbani na Mama na kiberiti. Nikatazama nyuma ya ukumbi. Mzee Athumani hajui Kifaransa. Mlinzi wa mlango alikuwa ameinama sikioni mwake anamtafsiria, mtu wa kujitolea tu, na ghafla nikawa nasikiliza tafsiri ya mlinzi kuliko maswali ya jopo. Hata ningesema nini, kile ambacho kingemfikia mzee ndicho kingekuwa kimesemwa.

Basi nikasema ni baba yangu. Nikasema mashine haikukata, nimekunja mimi. Nikatoa daftari, nikasoma mistari yote miwili, wa bluu na ule mwekundu, kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti ya kufika mlangoni. Halafu ndipo nikawatafsiria jopo.

Profesa aliangusha kalamu. Mama alisimama akatoka. Jaji akavua miwani, akasema mtahiniwa atoke nje. Wewe, Papa, unajua kuliko mimi sauti ile ya majaji ina maana gani.

Muda unakwenda. Wenzangu waliotetea tasnifu zao kabla yangu hawakukaa nje hata nusu saa. Mimi naona jua limehama kutoka kwenye mlango wa choo hadi miguuni kwangu. Wakinifuta, hakuna mafunzo, hakuna kiapo, na sijui kama wakili atagusa ombi lililoanza na uongo. Nitakuwa nimekuaibisha, na mzee nitakuwa nimemnyima. Mama hajaniangalia bado.

Mzee Athumani anakuja. Anatembea kwa kushika ukuta. Ngoja.

*

Papa, sasa niko nyumbani. Mchana umeisha, naandika mezani pako na karatasi nzima, si migongo.

Alikaa kati yangu na Mama, akaweka kofia chini. Nilitaka kupiga magoti, akanishika kiwiko. Akasema, "Binti, nilikujua tangu siku ya kwanza. Una uso wa baba yako." Mimi nilidhani namficha! Halafu akatusimulia sisi wote wawili, bila haraka, kama mtu anayesimulia habari ya soko. Kwamba mwaka fulani, muda mrefu baada ya yeye kutoka gerezani, ulikwenda Asiatique, ukasimama mbele yake na gunia mkononi. Alikutambua. Uliweka gunia chini, hukusema kitu. Akaligeuza, akaligeuza tena, akakwambia, "Mzee, hili halina tundu." Ukasimama. Watu wa nyuma yako kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Ukachukua gunia lako ukaondoka.

"Nilidhani umri umemchanganya," akasema. "Leo nimeelewa alikuja na swali."

Mama alishika mdomo. Analijua lile gunia. Unakumbuka siku uliyolileta, jipya, nasi hatuna hata kilo ya mahindi ya kuweka ndani? Alikutania mwezi mzima. Limekuwa la makaa mpaka leo, nyuma ya mlango. Na mimi nikakumbuka ulivyokuwa unanipeleka mjini kununua madaftari ya shule, tukizunguka njia ndefu ili tusipite kwa washona magunia. Uliniambia ni vumbi. Nilikuamini hilo pia.

Basi ulikwenda kuuliza. Ulifika mpaka mbele ya mtu, ukashindwa kufungua mdomo, wewe uliyefungua mdomo kwa ajili ya watu wote wa mji huu. Sijui kama nakusamehe. Nimelia kwa ajili yako leo, na si kwa hasira, hilo najua.

Mama akainuka akavuka korido. Alikaa upande wangu, mkoba ukabaki kule, akamwambia mzee, "Papa Athumani, utusamehe. Hii kitabu itaenda mahakamani. Mi mwenyewe nitaibeba." Alikuwa bado hajaniangalia, lakini bega lake lilikuwa kwenye bega langu.

Hapo mlango ukafunguliwa, wakaniita jina langu lote, lako na la babu. Nikaitika. Sikumbuki kama nilisema naam au ndiyo.

Nimefaulu, Papa, kwa alama ya chini kabisa ya kufaulu. Ile heshima tuliyoiota, uliyosema utaitundika juu ya redio, sikuipata, na jaji alieleza sababu mbele ya wote: mkunjo mmoja na mashine iliyosingiziwa. Alisema wangenifukuza kama ningengoja swali moja zaidi. Nitatoa tasnifu upya na ukurasa mzima, na jina la mkalimani. Wakili nilimpigia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Alinitaka nirudie habari yote tangu mwanzo. Mwishowe akasema nifike Jumatatu, yeye na mimi na mzee na lile daftari, tukaandike ombi. Kuhusu mimi ataona baadaye. Mahakama inaweza kukataa. Mzee nimemwambia hivyo bila kuzungusha, mara mbili, kisha nikamwomba anirudishie kwa maneno yake nione kama tumeelewana. Akarudisha bila kubadilika. Angecheza na sisi, asingeosha chombo hata kimoja.

Mama amelitoa gunia nyuma ya mlango, amelikung'uta makaa, analifua uani. Sijamuuliza la nini. Nadhani nitamuuliza.

Naishia hapa, Papa wangu. Pumzika huko uliko, usizunguke tena njia ndefu kwa ajili yetu. Ninakuahidi kitu kimoja tu, maana vingi sitaviweza: neno nisilolijua nitaliuliza, mbele za watu, hata foleni ikinung'unika. Na siku watakapoifungua kesi ile, karani akiita jina la mkalimani, nitasimama mimi. Nitaitika.

Metre wako